Nani aliandika kama sisi ni wavivu? Historia fupi ya kazi Masisi na Walikale



Leo sileti mafundisho ya mbegu wala ya mbolea. Naleta historia, na ndani yake kuko kosa yangu mimi mwenyewe. Ile kosa njo ilinisukuma kusoma, kwa hiyo naanza nayo.

Mbele ya hii vita ya sasa, nilikuwa natumika kwenye proje moja ya kilimo, jina yake naiacha. Tulitafuta monitere wa kufuata wakulima kwenye barabara ya Sake, Masisi-centre, Nyabiondo mpaka upande wa Walikale. Watu mingi walileta dosye. Tulifanya tesiti ya kuandika, na mimi njo nilisahihisha. Aliyepita wote alikuwa dada mmoja mwenye diplome ya kilimo: 17 juu ya 20. Kwenye dosye yake, mahali pa kuzaliwa iliandikwa Ntoto, teritware ya Walikale.

Tulikuwa watu wane kwenye meza. Mmoja alisoma ile jina "Ntoto" kwa sauti, akanyamaza kidogo. Wa pili akasema: "Huyu, wakulima ya Masisi watamupokea kweli? Tusijitafutie matatizo." Wa tatu akaongeza kama ni mwanamke, barabara ni mbaya, na watu ya pori hawadumu kwa kazi. Hakuna mwenye alitukana mtu. Tuliongea polepole, kama watu wenye akili. Na mimi, mwenye nilikuwa na zile pointi mbele yangu, nilichukua biki nikaandika pembeni ya jina yake neno moja: "hatadumu".

Tulichukua kijana mwenye 12.

Ule dada sikuwahi kuongea naye hata siku moja. Sasa ile "hatadumu" niliitoa wapi? Hakuna mwalimu aliyenifundisha kwenye lisansi. Hakuna mukulima aliyeniambia. Nilipoanza kutafuta, niliona kama ile neno ni ya zamani kuliko mimi, kuliko baba yangu, na kama ilianzia palepale nilipoitumia: kwenye meza ya kutoa kazi.

1. Udongo kwanza, mikono nyuma

Sisi watu ya agro tunajua udongo ya Masisi. Ni ya volkano, ni nyeusi, iko juu kwenye baridi, inaotesha karibu kila kitu. Wabelgiji nao waliiona. Tangu 1885, sheria ya Leopold ilikuwa imesema kama ardhi "isiyokaliwa" ni ya Serikali. Lakini kwa mukulima, shamba iliyopumzika haina maana kama haina mwenyewe. Kwa sheria ile, ilikuwa tupu. Mu 1925 ikaja parke Albert, leo Virunga. Mu 1928 likaundwa Comité National du Kivu, likapewa uwezo mkubwa juu ya ardhi ya kugawia wazungu wenye kuja kulima. Milima ikaanza kujaa kahawa, chai, pareto (ile maua tunaita piretre) na ng'ombe.

Ikabaki tatizo moja: mikono. Wahunde walikuwa na mashamba yao, ndizi zao, mbuzi zao. Juu ya nini mtu aache shamba ya nyumba yake aende kulima ya mwingine, kwa mshahara mdogo, tena kwenye kilima ambayo jana ilikuwa ya baba yake? Wengi walikataa. Na pale, mahali pa kuandika "mshahara hautoshi" ao "ardhi ilichukuliwa", watu wa mashamba na wa utawala walisema kitu kingine: watu wa hapa ni wachache na hawapendi kazi.

Angalia vizuri ile mchezo. Mtu anakataa bei. Weye unaandika kama anakataa kazi. Muhogo ikikosa mnunuzi kwa bei mbaya, hatusemi mukulima ni mvivu. Lakini kwa kazi ya mikono, njo ilisemwa, na ikabaki.

2. "Wenye nguvu" nao waliandikwa na mtu

Mu 1937 Wabelgiji wakaanzisha Mission d'Immigration des Banyarwanda, MIB. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ubelgiji, Rwanda ilikuwa na watu mingi na ilikuwa imeonja njaa kali mwisho wa miaka ya 1920. Kivu ilikuwa na mashamba makubwa yaliyotafuta wafanyakazi. Kuanzia 1937 mpaka 1955, hesabu inayotajwa sana ni watu karibu 85,000 walioletwa na ile mpango, wengi wao Masisi. Wengine walifika wao wenyewe, na wengine, tusisahau, walikuwa mu Congo mbele ya hiyo yote. Wageni walipewa hata sheferi yao, Gishari, ndani ya ardhi ya Wahunde. Mu 1957 wakoloni haohao wakaifunga.

Na kwa hao pia biro ilikuwa na neno tayari: wenye nguvu, watulivu, wanatii. Inaonekana kama sifa. Lakini mtu aliyetolewa kwao, mwenye kungoja kipande ya ardhi na chakula kutoka kwa yule aliyemuleta, atafanya nini kama si kutii? Wakoloni waliandika hali ya mtu kana kwamba ni damu yake.

Babu yangu alitumika kwenye shamba ya piretre akiwa kijana. Alikuwa anatuelezea kama asubuhi kapita alikuwa anapanga watu kwa mistari: hawa kwa ng'ombe, hawa kwa kukata miti, hawa kwa kubeba. Hakuuliza unajua nini. Aliuliza weye ni mtu wa nani. Babu alikuwa anacheka akielezea hayo, lakini mwisho alikuwa anasema: "Kiisha miaka mbili, nasi tukaanza kusadiki." Hamtasoma hapa babu alikuwa kwenye mstari gani. Wanaonijua wanajua, na wasionijua nawaomba wamalize kusoma mbele ya kutafuta.

Haikuwa Kivu peke yake. Kenya, baada ya vita ya kwanza ya dunia, Waingereza waliwavalisha wanaume kipande shingoni, ndani imeandikwa kabila, bwana wa kazi na mshahara. Kwetu Katanga, Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, wakapewa sifa ya akili na bidii. Miaka ilipita, na kati ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu Likasi na Kolwezi, kwenye kazi na kwenye nyumba, wengi walizaliwa palepale. Ile sifa ya zamani njo ilikuwa imegeuka mashtaka: "mulichukua kazi zetu".

3. Walikale, na aibu ya wazee wetu wa kazi

Sasa tushuke porini. Kutoka Masisi kwenda Walikale unaacha volkano, unaingia kwenye udongo mwekundu, ya zamani, yenye asidi kali, iliyooshwa na mvua. Nguvu yake iko juu, kwenye majani yanayooza. Ukikata pori, ukalima miaka miwili ao mitatu, inachoka. Wanyanga, Wakano, Wakumu na wengine walijua hiyo mbele ya laboratware yoyote. Walilima, wakahama, wakaacha pori irudishe nguvu. Leo kwenye masomo yetu tunaita hiyo kulima kwa kupumzisha, na tunakubali kama, watu wakiwa wachache, ni akili nzuri kwa udongo ya namna ile.

Lakini machoni pa mkoloni, mtu asiyekaa na shamba moja alikuwa hana utaratibu. Na nani alitumwa kumurekebisha? Agronomu. Kuanzia 1917, sheria ililazimisha kila mwanaume kulima mazao ya serikali mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mu 1942, ikapandishwa mpaka 120. Mwenye kukosa alilipa amande ao alifungwa. Wazee wetu wa kazi, agronomu na monitere, njo walipita vijijini kupima mashamba na kuandika majina. Wandugu, hiyo iko kwenye historia ya kazi yetu. Wazee kijijini wakituona na kitabu na biki wananyamaza, na kuko sababu.

Mu 1944 pori ililipuka. Bushiri, mutu wa Kitawala, aliongoza uasi wa Wakumu upande wa Masisi na Lubutu. Watu walikuwa wamechoka na kazi ya lazima ya barabara, ya migodi na ya mazao ya vita. Force Publique ilizima ule uasi kwa damu. Na kisha? Mahali pa kusema "kazi ilizidi", ikasemwa kama watu wa kule ni wagumu, hawaongozwi.

"Watu ya pori hawadumu kwa kazi." Mwenzangu alisema hiyo kwenye meza yetu kana kwamba ni jambo aliloona jana. Kumbe alikuwa anasoma ripoti ambayo hajawahi kuifungua.

4. Neno likageuka panga

Wakoloni walienda mu 1960, maneno yakabaki, na sasa ikaongezeka swali ya nani ni wa hapa. Kuanzia 1963 Masisi ilipita kwenye ile vita wazee wanaita Kanyarwanda. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1972 ikapatia uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu mbele ya 1950. Sheria ya 1981 ikaiondoa, ikaomba uonyeshe babu wako alikuwa hapa mu 1885. Katikati, mu 1973, sheria ya ardhi ilisema udongo yote ni ya Serikali, na zairianisasyo ikatoa mashamba ya wazungu ikaweka mikononi mwa watu waliokuwa karibu na utawala. Mukulima mdogo, wa lugha yoyote, alibaki na ardhi bila karatasi, ao karatasi bila ardhi.

Tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, watu wenye silaha waliingia kwenye soko ya Ntoto, Walikale, wakaua Banyarwanda waliokuja kununua na kuuza. Moto ikapanda Masisi. Wahunde na Wanyanga nao wakauawa, vijiji vikachomwa pande zote, maelfu ya watu walikufa kwa miezi michache. Ile ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya makosa mazito mu Congo, iliyotoka 2010, inaanza hesabu yake mwezi huo wa tatu 1993.

Sasa rudini kwenye meza yetu. Ule dada, kufuata dosye yake, alizaliwa mu 1998. Miaka tano kiisha ile soko. Tulimupimia kwa jina ya mahali, juu ya siku ambayo yeye hakuwa hata ndani ya tumbo ya mama yake. Na tulijiambia kama tunalinda amani ya proje.

5. Wale ambao hawafiki hata kwenye meza

Kuko wengine ambao dosye zao hazifiki. Mpaka mu 2016, Code de la famille ya 1987 iliomba mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kuweka sinyatire kwenye kontra. Ile sheria ilibadilishwa mwezi wa saba 2016, lakini ni mara ngapi kwenye komisyo tunasikia: "Mama huyu, bwana yake atakubali alale Walikale?" Hakuna anayeuliza mwanaume kama bibi yake anakubali.

Na Watwa. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, mu 1975 ikapanuliwa mpaka ndani ya Walikale, na familia nyingi zilitolewa porini bila kitu. Mu 2022 Congo ilipata sheria ya kulinda watu hawa. Ni jambo kubwa. Lakini kwenye proje zetu, Mtwa tunamuandika kwenye orodha ya wenye kupokea. Kwenye orodha ya wenye kulipwa mshahara, hayuko. Halafu tunasema hawana masomo. Yule anayejua kila muti ya pori kwa jina, na mbegu yake inaota mwezi gani, tunamwita wa kutusaidia kubeba.

6. Sheria iko. Jicho njo tatizo

Msifikiri Congo inakosa sheria. Katiba ya 2006, fungu la 13, inakataza kumubagua Mcongomani kwa dini, familia, kabila ao lugha, kwenye masomo na kwenye kazi za Serikali. Fungu la 36 linasema hakuna mtu atakayeumizwa kwenye kazi yake juu ya asili ao juu ya kuwa mwanamke ao mwanaume. Code du travail ya 2002 nayo inakataza kufukuza mtu juu ya kabila yake. Siku ile kwenye meza, watatu kati yetu tulikuwa tumesoma hizo zote.

Shida ni kama ubaguzi wa biro haupigi kelele. Mu 2004 Marekani ilitoka utafiti mmoja mashuhuri. Wataalamu walituma dosye karibu 5,000 za kuomba kazi Boston na Chicago, zenye uwezo uleule, wakabadilisha tu majina. Majina yanayosikika kama ya wazungu yaliitwa mara 50 kwa mia zaidi kuliko yale yanayosikika kama ya weusi. Wale mabosi, wengi wao wangeapa kama hawabagui.

Sisi watu ya shamba hatupashwi kushangaa. Kwenye majaribio, ukijua parsele hii ni ya mbegu unayoipenda, utaona majani yake ni mabichi zaidi. Njo maana tunaweka namba, tunaficha jina, tunapima kiisha tunafungua. Tena tunagawa shamba kwa bloke, juu mbegu iliyo kwenye mteremko haiwezi kulinganishwa na ile ya bondeni. Mavuno ikiwa ndogo, tunauliza kwanza mteremko, udongo, mvua. Hatusemi mara moja mbegu ni mbaya. Sasa kwa nini mtoto aliyesomea kwenye kambi ya wakimbizi, mwenye alibadilisha shule mara tano juu ya risasi, tunasoma pointi zake kana kwamba alikuwa bondeni?

Najua jibu ya wengine: "Watu wa hapa waliteseka, kazi za hapa ziwe zao kwanza." Ile uchungu ni ya kweli. Ukikaa karibu na Bisie, ukaona bati inatoka kwenye udongo ya babu yako na mtoto wako hana kazi, utasema vilevile. Mwenyeji apate nafasi ya kujifunza na ya kuomba. Hiyo ni haki. Lakini tutofautishe. Kama kazi inaomba Kinyanga, Kihunde ao Kinyarwanda, tuandike kwenye tangazo na tumupime mtu kwa mdomo. Lugha inapimika. Damu haipimike, na kila mara tulipojaribu kuipima hapa kwetu, tulimaliza kwenye makaburi.

7. Mambo madogo ya kufanya

Wengi wetu leo tunakaa upande ule wa meza wenye kuandika. Kwa hiyo naomba mambo mane tu. Dosye zipewe namba, jina na mahali pa kuzaliwa zifunikwe mpaka pointi zimalizike. Maulizo yawe yaleyale kwa wote. Kwenye komisyo wasikae watu wa kundi moja, wala wanaume peke yao. Na kila anayekataliwa, sababu iandikwe kwa sentensi nzima, na sinyatire ya yule aliyeiandika.

Ile ya mwisho njo inanigusa mimi. Kama siku ile ningeombwa sentensi nzima, ningeandika nini? "Anakataliwa juu alizaliwa Ntoto na ni mwanamke." Nisingeweza kuweka sinyatire. Neno moja pembeni, bila jina yangu, iliniruhusu.

Kiisha wiki mbili nilienda kumuona mkubwa wangu wa kazi, nikamuambia tulikosea. Alinisikiliza vizuri, akaniambia: "Ndugu yangu, kontra zimeisha kuwekwa sinyatire." Yule kijana wa 12 alitumika vizuri, sina neno juu yake, yeye hakukosa kitu. Ule dada hatukumuita, hatukumuandikia. Pengine mpaka leo anafikiri tesiti njo ilimushinda.

Wakubwa wetu mlioanza kazi mbele yetu, mmekaa kwenye hizo meza miaka mingi kuliko mimi. Kila mmoja wenu akumbuke dosye moja. Moja tu. Kisha tuongee.